Umeme wa Betri na Umeme wa Nguzo: Unyambwa na Vijiji vya Singida

Historia ya umeme nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kama historia ya miji, ikianzia Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya utawala wa Wajerumani, ikipitia mwaka 1931 zilipoundwa kampuni za TANESCO na DARESCO, hadi mwaka 1964 serikali ilipoanza kununua hisa za kampuni hizo. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanapotosha yakitumiwa kueleza maeneo kama Unyambwa, kata iliyo katika Manispaa ya Singida, kwa kuwa vijiji vya kanda ya kati viliufahamu umeme miaka mingi kabla ya nguzo kusimikwa, navyo viliufahamu kwa njia ya betri za tochi na redio.

Redio ya vijijini iliwezeshwa na transista, kifaa kidogo cha kukuza mawimbi hafifu kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, ambacho kilichukua nafasi ya vali za kioo zilizotumia umeme mwingi mno kwa betri ndogo. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vyake vya redio, na wengi wao waliishi pasipo na waya wowote wa umeme. Betri moja ya redio ina volti 1.5, yaani kipimo cha msukumo unaoutembeza umeme. Nne zikipangwa mfululizo, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, misukumo hiyo hujumlika kuwa volti 6. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, unaoelekea upande mmoja tu, na hukutana na ukinzani, yaani kizuizi kinachopimwa kwa omu, ambacho ndani ya betri huongezeka kadiri inavyochakaa. Desturi ya kuanika betri juani haikuwa ushirikina hata kidogo: joto huharakisha mabadiliko ya kikemikali na kupunguza ukinzani huo, hivyo betri iliyochoka huweza kuimba tena kwa muda mfupi.

Katika miaka ya 1980 njia kuu ya kilovolti 220 ilivuka nyanda hizi kutoka Iringa na Mtera, ikapitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza, na vijiji vingi vilivyokuwa chini yake vikabaki gizani. Jambo hilo limelalamikiwa kwa haki, lakini haliwezi kueleweka bila kuielewa sababu ya nyaya hizo kubeba msukumo mkubwa kiasi hicho. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa ampea, yaani wingi wa mkondo. Waya nao hupoteza nishati kama joto kulingana na mraba wa ampea. Kwa hiyo volti zikipandishwa mara 20, kutoka kilovolti 11 hadi 220, ampea hupungua mara 20 na upotevu hupungua mara 400. Msukumo huo hauwezi kuingizwa nyumbani: lazima ushushwe kwa hatua, kwanza katika kituo cha kupozea umeme chenye gharama kubwa, kisha katika transfoma ya kijiji. Transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha volti, hufanya kazi kwa mkondo geu pekee, ule unaogeuka huku na huku, hapa nchini mizunguko 50 kwa sekunde.

Kwa hiyo kilichokosekana kilikuwa fedha za kushushia umeme, wala si umeme wenyewe, na pengo hilo ndilo lililokabidhiwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005.

Hata hivyo kufika kwa nguzo hakutoshi. Umeme wa njia moja, wenye volti 230, huwasha taa na kuchaji simu, lakini mota kubwa huhitaji njia tatu, yaani nyaya tatu ambazo mawimbi yake hupishana kwa theluthi ya mzunguko, zikiwa na volti 400 baina yake, ili mota izunguke kwa nguvu isiyokatika. Katika mkoa unaotegemea alizeti kama Singida, tofauti hiyo ni nzito: kijiji kilichopewa njia moja tu huendelea kukamua mafuta kwa dizeli, au kupeleka magunia yake mjini kwenye mashine za watu wengine.