Sekunde 13 za Froome

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Septemba 2025, yalipigwa Kigali. Mkazi wa Ijuganyondo, pale Bukoba, yuko karibu zaidi na Kigali kuliko Dar es Salaam. Lakini baiskeli anayoijua ni ile yenye mikungu ya ndizi kwenye keria, imefungwa kwa mpira wa tyubu, na kilimani mwenyewe anashuka na kuisukuma. Kwamba yupo anayelipwa mamilioni kwa kunyonga pedeli, hiyo kwake ni hadithi.

Hadithi hiyo ilianzia jirani tu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Mwalimu wake alikuwa David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, aliyewafunza vijana nyumbani kwake Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Kinjah mwenyewe aliwahi kusajiliwa na timu ya Italia. Leo Ulaya humtaja kama mwalimu wa Froome, basi, na huo ni uchoyo wa sifa.

Mwaka 2006 Froome alikuwa bado anaichezea Kenya. Katika kitabu chake, The Climb, anakiri kwamba alijiandikisha mwenyewe kwenda mashindano ya dunia ya vijana, Salzburg, kwa kutumia baruapepe ya kiongozi wa chama cha baiskeli cha Kenya. Akafika. Sekunde chache baada ya kuanza mbio, akamgonga ofisa wa mashindano, wote wawili chini! Mwaka 2008 alihamia bendera ya Uingereza. Si vigumu kuona kwa nini: kijana anayelazimika kuiba jina la chama chake ili ashindane hana chama.

Mshahara wa mwendesha baiskeli hutoka kwa mdhamini, kwa sababu barabarani hakuna tiketi za kuuza. Zawadi ya mshindi wa Tour de France ni euro 500,000, na kwa desturi hugawanywa kwa timu nzima. Fedha ya kweli iko kwenye mkataba unaofuata.

Agosti 2011 mkataba wa Froome na timu ya Sky ulikuwa unaelekea ukingoni na hakuwa na mwingine. Akaenda Vuelta, mbio za Hispania, kumsaidia kiongozi wake, Bradley Wiggins. Akamaliza wa pili, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo, huku Wiggins akiwa wa tatu. Mkataba mpya ulikuja haraka, wenye tarakimu nyingine kabisa.

Mwaka uliofuata, katika Tour de France, kwenye mlima wa La Toussuire, alichomoka akamwacha Wiggins, kisha redio ya sikioni ikamwamuru asubiri. Alisubiri. Wiggins akatwaa Tour, Froome wa pili. Magazeti ya Uingereza yaliandika baadaye kwamba mgawo wake wa bonasi, ule ambao mshindi huwapa wenzake, ulimfikia baada ya zaidi ya mwaka. Kufikia hapo alikuwa ameshaitwaa Tour ya 2013 mwenyewe. Akaongeza za 2015, 2016 na 2017, na Giro d'Italia ya 2018.

Cobo alikutwa na hatia ya dawa zilizokatazwa, na Julai 2019 Vuelta ile ya 2011 ikakabidhiwa Froome. Wakati huo alikuwa akiuguza mifupa aliyovunjika mwezi mmoja kabla, katika ajali ya mazoezi Ufaransa. Nafasi ya pili ilikuwa imemlipa miaka minane mapema. Ushindi wenyewe ulimkuta majeruhi.

Tangu hapo mkubwa wa Afrika ni Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, Turin, Julai 2024; alishinda tatu na kuondoka na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Froome alikuja Tour du Rwanda mwaka 2023, miaka ya ushindi ikiwa imempita. Katika orodha ya washindi wa Vuelta, mwaka 2011, jina la mtoto yule wa Nairobi limewekewa bendera ya Uingereza.