Mtoto Mwenye Kipaji na Darasa Lake: Funzo Kutoka Nizwa

Leo tunakwenda Nizwa, mji mkongwe wa eneo la Dakhiliya nchini Oman, kutafuta jibu la swali wanalojiuliza wazazi wengi: Je, mtoto anayefahamu masomo upesi kuliko wenzake anapaswa kusubiri umri wake ufike, au ana haki ya kurushwa darasa?

Swali hili si dogo. Mtoto wa miaka minane anayemaliza kitabu cha mwaka mzima kwa miezi mitatu, kisha akalazimika kukaa miezi sita akisikiliza yale anayoyajua, hujifunza kwamba shule ni mahali pa kungoja. Baadhi ya watoto hao huwa watundu, baadhi hunyamaza, na wengine huficha wanachokijua ili wafanane na wenzao. Mzazi anapokwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, mara nyingi huambiwa kwamba kila darasa lina umri wake, na kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote. Hapo ndipo historia inapotufaa, kwani mambo hayakuwa hivyo siku zote.

Kwa karne nyingi Nizwa ilikuwa makao ya Maimamu wa Oman na kitovu cha elimu ya madhehebu ya Ibadhi. Katika karne za 11 na 12 Miladia, wanazuoni wawili wa ukoo wa Kindi waliandika humo vitabu viwili vikubwa vya fiqhi: Bayan al-Shar' cha Muhammad bin Ibrahim, chenye majalada zaidi ya 70, na al-Musannaf cha Ahmad bin Abdallah, chenye majalada zaidi ya 40.

Elimu ya zama hizo haikupangwa kwa madarasa ya umri. Mtoto alianza chuoni kwa alifu na bee, akapanda juzuu baada ya juzuu, na alipohitimu Qur'ani aliweza kuingia katika darsa za msikitini, awe na miaka tisa au kumi na mitano. Huko alikaa pamoja na watu wazima. Kipimo kilikuwa kitabu: aliyekisoma kimoja mbele ya sheikh na kukifahamu, alifunguliwa kingine. Wasikilizaji wetu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija wanautambua utaratibu huo, kwani ndio uliofuatwa katika vyuo vya pwani pia.

Mfano mashuhuri ni Sheikh Nuruddin Abdallah bin Humaid al-Salimi, aliyezaliwa eneo la Rustaq katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alipofuka macho akiwa na umri wa miaka ipatayo 12. Pamoja na hayo, hakuna aliyemfungia mlango. Aliendelea kusoma kwa kusikiliza na kuhifadhi, akaanza kutunga vitabu angali kijana, kisha akahamia Sharqiya kusoma kwa Sheikh Saleh bin Ali al-Harthi. Alifariki dunia mwaka 1914 huko Tanuf, karibu na Nizwa, akiwa ameacha vitabu vingi, kikiwemo Tuhfat al-A'yan, kitabu cha historia ya Oman. Wanafunzi wake wawili, Salim bin Rashid al-Kharusi na Muhammad bin Abdallah al-Khalili, walishika Uimamu mmoja baada ya mwingine, kuanzia mwaka 1913 hadi 1954.

Mfano wa pili unatoka kwetu Afrika Mashariki. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili alizaliwa Zanzibar mwaka 1942 katika familia yenye asili ya Bahla, mji ulio magharibi ya Nizwa. Alihitimu chuoni akiwa na umri wa miaka tisa, hali amehifadhi Qur'ani, kisha akaingia moja kwa moja katika darsa za masheikh wa Kisiwani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 alihamia Bahla na kufundisha msikitini, akiwa na umri wa miaka ipatayo 22 tu. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Mufti wa Oman.

Je, utaratibu wa umri ulitoka wapi basi? Ulienea katika karne ya 19, pale nchi kama Prussia na miji kama Boston huko Marekani ilipotaka kusomesha watoto wengi kwa walimu wachache. Oman iliuhitaji baadaye. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Katika miaka iliyofuata shule zilifunguliwa kwa mamia, nyingine zikianzia ndani ya mahema. Bila ya mpango wa madarasa, kazi hiyo isingewezekana.

Kwa hiyo hatupaswi kuudharau mpango huo. Darsa za kale zilikuwa na kasoro zake: wasichana waliofika mbali walikuwa wachache mno, na aliyeishi mbali na sheikh alikosa. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba darasa la umri liliwekwa ili kurahisisha kazi ya shule. Halikuwekwa kupima akili ya mtoto.

Utafiti wa zama zetu nao unaafikiana na desturi ya kale. Ripoti iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ilikusanya tafiti za miaka mingi na kuonyesha kwamba, kwa jumla, wanafunzi wenye vipaji waliorushwa darasa hufanya vyema masomoni, na hawaharibikiwi katika kuishi na wenzao.

Mzazi anayemtetea mwanawe basi haombi upendeleo. Lakini na aende kwa adabu na kwa ushahidi: madaftari ya mtoto, na ombi kwamba apewe mtihani wa darasa la juu. Anaweza kuomba mtoto apande katika somo moja kwanza, au ajaribiwe kwa wiki kadhaa. Na muhimu zaidi, amuulize mtoto mwenyewe, kwani si kila mwenye akili nyepesi yuko tayari kuwaacha marafiki zake. Masheikh wa Nizwa hawakumsukuma mtoto; walimsikiliza akisoma, kisha wakaamua.