Gitaa la mwanao siyo uhuni (Sehemu ya 3)

Juzi hapa Kunduchi mama mmoja kaniambia amelificha gitaa la kijana wake. "Nesi, hiyo roki ni uhuni wa Wazungu." Nikacheka, maana mimi roki naipenda mno.

Jamani, roki tulikuwa nayo hapahapa Dar! Miaka ya 1970 kulikuwa na bendi inaitwa Sunburst. Vijana wale walichanganya gitaa la umeme na midundo ya kwetu, wakaimba na Kiswahili. Mwaka 1976, wakiwa Zambia, wakatoa albamu yao, Ave Africa. Wengi wetu tukaisahau. Mwaka 2016, miaka 40 baadaye, kampuni ya London ndiyo ikaitoa upya. Na Freddie Mercury wa Queen je? Kazaliwa Unguja, 1946.

Sasa mama, ukificha gitaa leo, kesho tutaufuata tena muziki wetu London. Mrudishie mtoto. Mpangie muda, masomo kwanza. Na sauti apunguze, hasa akivaa spika za masikioni. Hapo naongea kama nesi: masikio hayana spea.

Kwako nani anapiga gitaa? Niambie.