Uchaguzi wa Kwanza wa Kerala, mwaka wa 1957

Katika historia ya siasa ya karne ya 20 uko uchaguzi mmoja ambao sisi wapadri, waseminari na wakatekista tunapashwa kuufahamu vizuri. Ulifanyika katika jimbo dogo la Kerala, kusini ya Uhindi, tangu tarehe 28 Februari mpaka tarehe 11 Machi 1957. Jimbo lenyewe lilikuwa na umri wa miezi minne tu. Wakristu wake walikuwa wengi, karibu mtu mmoja katika kila watu watano, na mapokeo yao yasema kwamba Mtume Tomasi mwenyewe ndiye aliyewaletea imani. Hata hivi, kura za watu ziliwapa Wakomunisti serikali. Jambo hili liliwezekana namna gani? Eklezya ilifanya nini? Na mwisho wake ulikuwa gani? Tuyatazame mambo hayo moja moja.

1. Namna jimbo lilivyozaliwa

Uhindi ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Waingereza waliacha nyuma yao mikoa waliyoitawala wenyewe, pamoja na falme nyingi zilizokuwa chini ya ulinzi wao. Pwani ya kusini-magharibi watu wa lugha moja, Kimalayalam, walikuwa wamegawanyika mara tatu: ufalme wa Travancore, ufalme wa Cochin, na wilaya ya Malabar iliyotawaliwa kutoka Madras. Tarehe 1 Julai 1949 falme zile mbili ziliunganishwa. Malabar ikabaki upande wa Madras.

Siku zile watu wa sehemu nyingi za Uhindi walidai mipaka ifuate lugha. Serikali ya Delhi ilisitasita, kwa maana iliogopa inchi isivunjike vipande. Lakini katika Desemba 1952 mtu mmoja, Potti Sreeramulu, alifunga chakula mpaka kufa akidai jimbo la wasemao Kitelugu. Watu wakafanya ghasia, na tarehe 1 Oktoba 1953 jimbo la Andhra likaanzishwa. Halafu serikali ikaweka tume ya watu watatu, ambao mmoja wao, K. M. Panikkar, alikuwa mwana wa inchi ya Kimalayalam. Kwa sheria iliyofuata kazi ya tume hiyo, Kerala ilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956.

Msomaji asipite mbio hapa. Mpaka ukigeuka, hesabu ya kura nayo yageuka. Tarafa za kusini za wasemao Kitamil zilitolewa zikapewa Madras, na Wakomunisti hawakuwa na nguvu nyingi kule. Mahali pao iliingia Malabar, ambako vyama vya wakulima vilikuwa vimekwisha tia mizizi tangu miaka ya 1930. Kabla ya kura ya kwanza kutiwa katika sanduku, mizani ilikuwa imekwisha sogea.

2. Siku za kura

Sababu nyingine ilikuwa uchovu wa watu. Kati ya mwaka wa 1949 na mwaka wa 1956 mawaziri wakuu watano walifuatana katika Travancore-Cochin. Vyama viligombana, vikapatana, vikaachana tena. Katika Machi 1956 serikali ya mwisho ilianguka, na jimbo likatawaliwa kutoka Delhi. Watu walitamani serikali itakayokaa na kufanya kazi.

Wenye haki ya kupiga kura walikuwa karibu milioni 7 na nusu, na viti vya Baraza vilikuwa 126. Mpiga kura hakulazimika kujua kuandika. Kila mtaka kiti alikuwa na sanduku lake lenye alama: ng'ombe wawili wenye nira kwa chama cha Congress, masuke na mundu kwa Wakomunisti, kibanda kwa chama cha Praja Socialist. Mpiga kura alitia karatasi yake katika sanduku alilolichagua, basi.

Kura zilipohesabiwa, Wakomunisti walipata viti 60, Congress 43, Praja Socialist 9, na watu wasio na chama 14. Watano kati ya hawa 14 walikuwa wamesaidiwa na Wakomunisti, hata wakawa 65 pamoja, yaani zaidi kidogo ya nusu. Lakini tutazame kura zenyewe. Congress ilipata karibu kura 38 katika kila 100. Wakomunisti walipata 35 tu. Waliopata kura chache wakashinda kwa viti, kwani wapinzani wao waligawanyika na kunyang'anyana kura.

Tarehe 5 Aprili 1957 serikali iliapa: mawaziri 11, mkuu wao E. M. S. Namboodiripad. Mtu huyu alikuwa Mbrahmani wa ukoo wenye mashamba mengi, naye alikuwa ametoa urithi wake kwa chama. Waziri wa ardhi alikuwa mwanamke, K. R. Gouri, mwanasheria. Waziri wa masomo alikuwa Joseph Mundassery, Mkatoliki kwa ubatizo, mwalimu wa fasihi. Ilikuwa moja ya serikali za kwanza za Kikomunisti duniani kupatikana kwa kura za watu huru. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaanza kuandika juu ya jina ambalo wasomaji wao walikuwa hawalijui.

3. Mashamba na nyumba za masomo

Siku sita baada ya kuapa, serikali ilitoa amri ya kukataza kuwafukuza wakulima katika mashamba waliyoyalima kwa kukodi. Watu maelfu walilala usiku ule bila hofu ya kuondolewa. Tuseme wazi: haki hiyo si uzushi wa Karl Marx. Papa Leo XIII alikwisha kuwatetea wafanyakazi maskini katika mwaka wa 1891, na Papa Pio XI alirudia mwaka wa 1931. Lakini mafundisho yaliyo katika kitabu tu hayamshibishi mtu asiye na shamba. Ni kweli kwamba Papa Pio XI alihukumu ukomunisti wa wasiomjua Mungu katika mwaka wa 1937, na Roma ilikataza Wakatoliki kuingia katika chama hicho kwa amri ya mwaka wa 1949. Amri ilijulikana. Ila mwenye njaa hana miiko.

Vita kali iliwaka juu ya nyumba za masomo. Nyingi zilikuwa za Eklezya, nyingine za vyama vya Wahindu, kama kile cha Wanair. Tena tusifiche neno: walimu wengi wa nyumba za watu binafsi walilipwa vibaya, na msimamizi aliweza kuwafukuza apendavyo. Sheria mpya, iliyopita katika Baraza tarehe 2 Septemba 1957, ilitaka serikali iwalipe walimu yenyewe. Hilo lilikuwa jema. Lakini ilitaka pia walimu wachaguliwe katika orodha ya serikali, na serikali iweze kuchukua usimamizi wa nyumba za masomo. Maaskofu wakapinga, na haki yao ya kupinga ilikuwa kweli.

Rais wa Uhindi, Rajendra Prasad, hakutia sahihi upesi. Aliwauliza kwanza waamuzi wa Mahakama Kuu. Tarehe 22 Mei 1958 wakajibu. Kifungu cha 30 cha Katiba, walisema, chawapa watu wa dini au lugha iliyo na wachache haki ya kuanzisha na kusimamia nyumba za masomo wanazozitaka. Sehemu fulani za sheria zilivunja haki hiyo. Lakini waamuzi waliongeza jambo la pili: haki ya kusimamia si haki ya kusimamia vibaya, na serikali itoayo mali yaweza kuweka masharti ya haki. Sheria ikatengenezwa upya, na Rais akaitia sahihi tarehe 19 Februari 1959.

Sisi wa Kongo twaelewa uzito wa shauri hili. Nyumba zetu za masomo zilichukuliwa na serikali mwaka wa 1974, na usimamizi wake ukarudishwa kwa mapatano ya mwaka wa 1977.

4. Kutoka mahakamani kwenda njiani

Ingaliwezekana kuendelea kwa njia ya mahakama na ya kura. Lakini mioyo ilikuwa imewaka moto. Katika Juni 1959 sheria ya mashamba ilipita katika Baraza, na siku mbili baadaye, tarehe 12, ikaanza harakati iliyoitwa Vita vya Ukombozi. Kiongozi wake mkuu alikuwa Mannath Padmanabhan wa chama cha Wanair. Pamoja naye walisimama Congress, Praja Socialist, Waislamu wa Muslim League, maaskofu na wapadri wengi. Padri Joseph Vadakkan alikuwa amekusanya vijana kwa kupinga Wakomunisti. Tarehe 13 Juni polisi walipiga risasi katika Angamaly, na watu saba wakafa. Mahali pengine pia damu ilimwagika, na magereza yakajaa.

Tarehe 31 Julai 1959 Delhi iliiondoa serikali ya Kerala kwa kifungu cha 356 cha Katiba, ingawa ilikuwa bado na wingi wa viti katika Baraza. Wengi walipiga kengele za furaha. Miaka 19 baadaye Daniel Patrick Moynihan, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Delhi, aliandika kwamba inchi yake ilikuwa imetoa feza kwa chama cha Congress kwa ajili ya uchaguzi katika Kerala. Aliyeandamana kwa dhamiri safi hakuandamana kwa ajili ya feza hiyo. Lakini ndivyo ilivyo: padri aingiapo katika vita vya vyama hajui ni nani mwingine aliye nyuma ya bendera ile ile.

5. Yaliyobaki

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 1 Februari 1960. Wapinzani wa Wakomunisti walikuwa wameungana, na Wakomunisti wakapata viti 29 tu. Lakini hesabu ya kura zao haikushuka. Ilipanda tangu 35 mpaka 39 katika kila 100. Maskini hawakuwa wamebadili mawazo. Mwaka wa 1967 Namboodiripad alirudi katika serikali, na safari hii Muslim League walikuwa pamoja naye. Zaidi ya hayo, chama cha wakulima na wafanyakazi alichokianzisha Padri Vadakkan kiliingia katika umoja ule ule.

Sasa tupime. Tarehe 1 Januari 1970 ukodishaji wa zamani wa mashamba ulifutwa katika Kerala, na wakulima wakapata ardhi waliyoilima. Na juu ya nyumba za masomo, desturi iliyokaa ndiyo hii: serikali hulipa walimu, na wasimamizi huwachagua. Mambo hayo mawili, haki ya mkulima na haki ya Eklezya, yote yalidumu kwa njia ya sheria. Je, vita vya njiani viliacha nini? Viliacha makaburi ya Angamaly, na mfano mbaya: baadaye Delhi iliondoa serikali za majimbo mara nyingi, mpaka Mahakama Kuu ilipoweka mipaka mwaka wa 1994.

Ndugu wapadri na waseminari, tusiwahukumu wakubwa wetu wa Kerala kwa urahisi. Waliona hatari ya kweli, na nyumba zao za masomo zilikuwa zimejengwa kwa jasho la waaminifu. Ila wakati wa kumtetea maskini juu ya shamba lake ulikuwa mbele ya uchaguzi, wala si nyuma yake. Mchungaji anayengoja mpaka adui asimame kwa ajili ya kondoo wake, asishangae kondoo wakimfuata huyo. Nawe mkatekista wa kijiji, unayejua shamba la kila mtu na deni la kila mtu, ndiwe wa kwanza wa kutuambia mambo hayo, kabla masanduku ya kura hayajatuambia.