Nani Aliwatuma?

Ukitoka Athi River kuelekea Namanga, barabara inakupitisha Kitengela, Isinya, kisha Kajiado mjini. Kando yake kuna viwanda vya saruji, maduka ya vifaa vya ujenzi na mabango ya ploti za hamsini kwa mia. Katikati ya matangazo hayo ni vigumu kuamini kwamba ardhi hii iliwahi kuahidiwa kabila moja maadamu kabila hilo lingali hai. Ahadi hiyo iliandikwa na alama zikatiwa. Nimeifuata barabara hii nikitafuta jibu la swali ambalo mikataba yenyewe haikuliuliza: waliotia alama walitumwa na nani?

Mkataba wa kwanza ni wa Agosti 1904, kati ya Kamishna Donald Stewart na wazee wa Kimaasai wakiongozwa na Olonana, ambaye vitabu vingi humwita Lenana. Wamaasai waliondolewa Naivasha na Nakuru, pembeni mwa reli, ili walowezi wapate malisho. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine huku kusini. Olonana alikuwa oloiboni, mtu wa ibada na utabiri. Mambo ya watu yalijadiliwa ndani ya rika, na rika lilikuwa na msemaji wake, olaiguenani, aliyeteuliwa na wenzake kupeleka yale waliyokubaliana. Msemaji wa namna hiyo humsumbua mwenye haraka, maana lazima arudi kuwauliza waliomtuma. Waingereza walitaka mtu mmoja wa kumalizana naye, wakamtambua Olonana kuwa chifu mkuu.

Olonana alifariki Machi 1911. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ulikuwa tayari, na Seggi, mwanawe, akawa miongoni mwa waliotia alama. Huo ulifuta ahadi ya 1904: wa Laikipia nao wahamie kusini. Parsaloi ole Gilisho, olaiguenani wa upande wa kaskazini, alipinga, na Wamaasai wakaenda mahakamani. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga wengine. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi: mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, kwa hiyo haiwezi kupimwa na mahakama ya ndani. Kwa maneno mengine, Wamaasai walikuwa taifa lenye uwezo wa kutoa ardhi, lakini hawakuwa na mahali pa kuidai. Sijasoma hukumu nyingine ya ukoloni katika nchi hii iliyokuwa na ujanja kama huo.

Baada ya uhuru, uwakilishi ulirudi Kajiado ukiwa na karatasi nzuri zaidi. Sheria ya 1968 ilianzisha ranchi za pamoja: wanachama walichagua wawakilishi wasiopungua 3 wala kuzidi 10, na hao ndio walioshika ardhi kwa manufaa ya wote. Kwenye maandishi, hapo palikuwa na kila kitu ambacho wanafalsafa wa demokrasia hudai: uchaguzi, mkutano mkuu, dhamana. Tatizo lilikuwa kwenye rejista. Walioandikwa, karibu wote, walikuwa wakuu wa familia, yaani wanaume. Mke, kijana ambaye hajaoa na mara nyingi mjane walihesabiwa ndani ya jina la mwingine.

Hapa Kitengela ranchi ya pamoja iligawanywa mwaka 1988. Hekta zaidi ya 18,000 ziligawiwa wanachama 214. Mtu alilala akiwa na sehemu ya malisho yote, akaamka na hatimiliki yake peke yake, na kwa hatimiliki mnunuzi hana haja ya kuitisha mkutano wa ukoo. Mwanamke aliyeamka na kukuta waya umepigwa hakuwa na kikao cha kwenda kuuliza. Ndiyo maana nautazama mwaka 2013 kwa uzito: Peris Tobiko alipochaguliwa mbunge wa Kajiado Mashariki, jimbo lenye Kitengela ndani yake, akawa mwanamke wa kwanza Mmaasai kushinda kiti cha jimbo. Jina lililokosa nafasi kwenye rejista ya ranchi lilikuwa juu ya karatasi ya kura.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa hapa hawasifiwi vya kutosha. Waya ulipozidi kukata njia ya nyumbu na pundamilia kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini uliachwa wazi, wenye ardhi waliungana, wakachora ramani ya uzio na kushiriki kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto pamoja na Olkejuado, lililokuwa baraza la serikali ya mtaa. Waliokuwa na haki ya kuuza ndio waliodai wawekewe mipaka ya kukatakata mashamba. Kati ya yote niliyoyaona kwenye njia hii, huo ndio ushiriki ulio karibu zaidi na olaiguenani wa zamani.

Hata hivyo, nao una mwanya. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini Kitengela. Ya 2019 ikahesabu 154,436. Wengi ni wapangaji na wanunuzi wa ploti, waliokuja na kazi za Nairobi. Mpango wa wenye ardhi haukuwa na kiti chao, na wao bila ya kujua wamejenga juu ya njia ya pundamilia. Mwenyeji ni nani, aliyezaliwa hapa au anayelipa maji hapa? Katiba ya 2010 inawapa wote sauti moja. Wazee wengi hawajakubali, na siwalaumu haraka.

Katiba hiyo ndiyo iliyolazimisha ushiriki wa umma, na kaunti zikaitikia kwa karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mara nyingi safu ya maoni haipo. Julai 2024, matairi yalipowaka barabarani Kitengela katika maandamano yaliyoanzia kwenye Mswada wa Fedha, vijana walikuwa wakisema kwa njia yao kwamba karatasi ile haikuwatuma wabunge.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao kijacho cha bajeti, omba rasimu siku kadhaa kabla, na uliza maoni ya mwaka jana yalibadilisha mstari gani. Wakishindwa kukuonyesha, usitie sahihi.