Asili ya Makazi ya Kwanza ya Wafaransa nchini Kanada

Mwaka wa kuasisiwa kwa mji hutueleza ni lini wageni walifika. Hautuelezi walikuja kwa nia gani, wala walimkuta nani. Nchini Kanada hata jina la nchi ni la wenyeji: mwaka 1535 Jacques Cartier alilisikia kwao neno “kanata”, yaani kijiji.

Tadoussac na Port-Royal

Mwaka 1600 Pierre de Chauvin alijenga Tadoussac kituo cha biashara ya ngozi za manyoya; waliobaki humo wakati wa baridi, wachache tu walisalimika. Mwaka 1604 Pierre Dugua de Mons na Samuel de Champlain walikaa katika kisiwa cha Sainte-Croix, ambako karibu nusu ya watu 79 walikufa, wengi wao kwa kiseyeye. Mwaka 1605 walihamia Port-Royal. Hapo, tarehe 24 Juni 1610, Membertou, chifu wa Wamikmaki, alibatizwa pamoja na jamaa yake.

Québec na Trois-Rivières

Champlain aliasisi Québec tarehe 3 Julai 1608, mahali ambapo mto hupungua upana. Ndiyo maana ya jina hilo katika lugha ya wenyeji. Kati ya watu 28 waliobaki humo, 8 tu walivuka majira ya baridi. Biashara ilitangulia, Injili ikafuata: Wafransisko Warekoleti walifika mwaka 1615, Wayesuiti mwaka 1625, na tarehe 1 Agosti 1639 wakafika Waursulini, akiwemo Mtakatifu Maria wa Umwilisho, pamoja na watawa wauguzi Waagostino. Kwa agizo la Champlain, Laviolette aliasisi Trois-Rivières tarehe 4 Julai 1634. Jimbo la Québec liliundwa mwaka 1674, Mtakatifu François de Laval akiwa Askofu wake wa kwanza.

Ville-Marie, yaani Montréal

Mji huu, ulioasisiwa tarehe 17 Mei 1642, una asili ya namna nyingine. Waliouanzisha walikuwa waamini walioungana ili kuwahubiria wenyeji Habari Njema. Kiongozi wao, Paul de Chomedey de Maisonneuve, alifuatana na Jeanne Mance, mwanamke mlei aliyeanzisha hospitali ya Hôtel-Dieu. Mafuriko ya Desemba yalipotishia ngome, Maisonneuve aliweka nadhiri, na tarehe 6 Januari 1643 akabeba msalaba mabegani hadi mlimani. Hata hivyo, baada ya muda Ville-Marie nayo ikawa soko kubwa la ngozi.

Kabla ya tarehe hizo

Katika kisiwa hichohicho Cartier alikuwa ameukuta mji wa Hochelaga mwaka 1535. Nchi haikuwa tupu. Magonjwa kutoka Ulaya yaliwaua wenyeji wengi mno, wakiwemo Wahuroni, ambao Mtakatifu Yohane wa Brébeuf aliuawa akiwa kati yao mwaka 1649. Mwezi Julai 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Kanada kuwaomba msamaha watu wa asili kwa maovu waliyotendewa na Wakristo katika shule za bweni za nyakati za baadaye. Anayezikumbuka tarehe za waasisi na awakumbuke pia waliokuwapo kabla yao: Injili haihitaji nchi tupu, inahitaji jirani anayeheshimiwa.