Kabla ya Kumhukumu Aliyetoa Mimba



Yapo mambo ambayo kila mtu anayajua lakini hayazungumzwi barazani. Kutoa mimba ni mojawapo. Kibaha na Kisarawe, kama ilivyo katika miji yote inayopakana na Dar es Salaam, habari hizi hunong'onwa tu: binti wa fulani kaugua ghafla, kapelekwa hospitali usiku, mama yake hataki kuulizwa. Akipona, mtaa hunyamaza. Akifa, husemwa alikuwa na homa. Ijumaa au Jumapili inayofuata tunalaani dhambi hiyo kwa sauti kubwa, na Jumatatu tunarudi kwenye minong'ono yetu.

Leo napenda tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Swali lenyewe ni fupi: je, upo wakati ambapo kutoa mimba kunaweza kuhalalika? Na kama upo, ni wakati gani? Wengi hudhani kwamba jibu la mababu, jibu la dini na jibu la serikali ni moja tu, nalo ni hapana. Historia haisemi hivyo, na hapana budi tuitazame kabla ya kutoa hukumu.

Tuanze na Uzaramo, maana Kisarawe ni kitovu chake. Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo uzazi wa binti lilikuwa jambo la ukoo mzima. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani. Aliitwa mwali. Alifundishwa na kungwi, akapitishwa katika mila za mti wa mkole, akapewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, ambacho alikitunza kama mtu atunzavyo mtoto wake. Mtaalamu mmoja kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1970. Zamani kuwekwa ndani kuliweza kuchukua miezi mingi, hata miaka. Mwali alipotolewa nje kwa ngoma, mume alikuwa tayari anamsubiri.

Sisemi kwamba mila hiyo ilikuwa haina kasoro. Binti hakuulizwa anataka nini, na wengi waliozeshwa wangali wadogo. Lakini tuone jambo moja: katika utaratibu ule, baina ya kuvunja ungo na kuolewa hapakuwa na nafasi. Msichana hakuwa na miaka mitano au sita ya kuwa mtu mzima wa mwili huku akiwa bado mtoto wa darasani. Nafasi hiyo imeletwa na shule. Shule ni jambo jema, na hakuna mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Tatizo ni kwamba tuliipokea shule, tukamwondoa kungwi, kisha katika nafasi yake hatukuweka mtu yeyote.

Shule hizo zilikuja na dini. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifanya kazi Kisarawe na Maneromango tangu zama za Wajerumani. Waanglikana walikihamishia Minaki mwaka 1925 chuo chao cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwa Kiungani, Unguja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1930, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, London. Kwa mara ya kwanza waliruhusu, kwa masharti, wanandoa kutumia njia za kuzuia mimba. Katika mkutano huo huo walitangaza kwamba kutoa mimba ni dhambi ya kuchukiza. Yaani walifungua mlango mmoja na kufunga mwingine kwa siku zile zile.

Kanisa Katoliki, kwa upande wake, limeshikilia kwamba uhai wa mtu huanza pale mimba inapotungwa, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliyarudia hayo kwa mkazo mwaka 1995. Hata hivyo, wanatheolojia wake wanakubali kwamba mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi anaweza kufanyiwa upasuaji unaohitajika, ingawa mimba itapotea, kwa sababu kinacholengwa ni kutibu ugonjwa na si kuua kiumbe.

Waislamu, ambao ni wengi katika mkoa wetu wa Pwani, wana Hadithi isemayo kwamba roho hupulizwa mimba ikitimiza siku 120. Baada ya hapo wanazuoni hukataza, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Kabla ya hapo wametofautiana. Imamu Ghazali, wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa sana katika pwani hii, aliyefariki mwaka 1111, alikataza tangu mwanzo, lakini alisema kosa huzidi kuwa zito kadiri mimba inavyokua. Mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Makka liliruhusu kutoa mimba kabla ya siku 120 iwapo madaktari waaminifu wamethibitisha kwamba kiumbe kina ulemavu mkubwa usiotibika.

Tunaona basi kwamba hata mimbarini na altareni, watu wa Mungu wamekaa karne nyingi wakipima. Hawakusema kila kitu ni halali, la hasha. Lakini pia hawakumwacha mama afe ili kanuni ipone.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walianza kwa kutumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kanuni hiyo ilikataza kuharibu mimba, isipokuwa kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mwanamke. Kanuni ya Adhabu tuliyo nayo sasa, Sura ya 16, ilitungwa mwaka 1945, na maneno yake juu ya jambo hili yametokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha miaka 14, hata ikibainika baadaye kwamba mwanamke huyo hakuwa na mimba. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba. Kifungu cha 152 kinampa miaka mitatu anayetoa dawa au vifaa.

Lakini mbele kidogo kipo kifungu cha 230, ambacho hatukisikii mara nyingi. Kinasema kwamba mtu hana hatia akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, hata juu ya mtoto ambaye hajazaliwa, ili kuyalinda maisha ya mama, kama hali ya mgonjwa inaonyesha kwamba ni haki kufanya hivyo. Mlango upo. Uliandikwa na wakoloni, nasi tukaurithi mwaka 1961 pamoja na kuta zake.

Mlango huo una upana gani? Mwaka 1938, London, msichana wa miaka 14 alibakwa na askari. Daktari Aleck Bourne wa hospitali ya St Mary's alimtoa mimba waziwazi, bila malipo, kisha akawaarifu wakuu wa sheria ili washtaki wakitaka. Walimshtaki. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kulinda maisha ya mama hakuna maana ya kusubiri mpaka awe mahututi, na kwamba kama daktari anaamini kwa dhati mimba ile itamharibu binti mwili au akili, basi anayalinda maisha yake. Daktari akaachiwa huru. Mwaka 1959, katika kesi iliyotoka Kenya, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa pia mahakama ya Tanganyika, iliufuata mwelekeo huo wa sababu njema ya kitabibu.

Na tuongeze jambo moja ambalo pande zote mbili za ubishi huu hupenda kulisahau. Daktari Bourne yule yule, katika miaka ya 1960, Uingereza ilipokuwa inaelekea kulegeza sheria yake, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa. Hakuona kwamba anajipinga. Kwake yeye, kumwokoa binti aliyebakwa na kuiheshimu mimba yalikuwa mambo ya dhamiri moja.

Uingereza ilibadili sheria yake mwaka 1967. Sisi tulibaki na ile ya kale. Kibaha yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha hapo mradi mkubwa wa elimu, afya na kilimo, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi ni mojawapo ya matunda yake. Wafadhili hao walikuwa wamekwisha kuujadili mjadala huu makwao. Sweden ilikuwa na sheria tangu mwaka 1938 iliyoruhusu kutoa mimba kwa sababu ya afya ya mama au kubakwa. Sisemi tuwaige. Nasema tu kwamba wao walikaa chini wakaamua wenyewe, wakati sisi tunaishi na uamuzi wa Bunge la London la mwaka 1861.

Matokeo yake ni yapi? Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Ni makadirio, lakini muuguzi yeyote wa zamu ya usiku hatayashangaa. Anawajua waliotumia kijiti cha muhogo, bluu ya kufulia na vidonge vya malaria vilivyomezwa kwa wingi. Anajua kwamba wengine huchelewa kufika kwa kuogopa polisi. Hali Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokubaliana Cairo, mwaka 1994, kwamba mwanamke aliyeumia kwa kutoa mimba atibiwe popote alipo, hata pale sheria inapokataza kutoa mimba. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuulizane: nani anamsukuma msichana huyo kwenye kijiti? Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na hakurudi. Tarehe 22 Juni 2017, Rais Magufuli alitamka hadharani huko Chalinze, katika mkoa huu huu wa Pwani, kwamba hakuna mzazi atakayerudi shuleni. Alikuwa na hoja, kwamba kuwarudisha ni kuwafundisha wengine. Lakini tujiweke mahali pa mtoto wa kidato cha pili wa Kisarawe, anayetembea mwendo mrefu kwenda shule, ambaye mwenye pikipiki amempa lifti na chipsi mpaka yakatokea yaliyotokea. Kwake yeye, mimba ilikuwa hukumu ya maisha. Serikali ilibadili msimamo huo tarehe 24 Novemba 2021, ikaruhusu warejee. Bila kugusa neno moja la Kanuni ya Adhabu, sababu moja kubwa ya kutoa mimba ikapunguzwa uzito. Ndiyo maana nasema anayechukia kutoa mimba kwa dhati angepaswa kuwa wa kwanza kumpokea mama mtoto darasani.

Kwa maoni yangu, basi, tuyatenganishe mambo matatu ambayo tumezoea kuyachanganya.

La kwanza ni maisha ya mama. Hapa mjadala umekwisha. Dini zimempa nafasi ya kutibiwa, kila moja kwa namna yake, na sheria imempa. Kilichobaki ni Wizara ya Afya na wanasheria wa serikali kuwaeleza madaktari na wauguzi kwa Kiswahili chepesi kifungu cha 230 kinaruhusu nini, ili mtu asiachwe afe kwa sababu daktari anaogopa jela.

La pili ni aliyebakwa, hasa mtoto. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inampa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini juu ya mimba aliyoiacha, sheria haisemi waziwazi. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Maputo, unaotaka aliyebakwa aruhusiwe kutolewa mimba na waganga, lakini Kanuni ya Adhabu haikurekebishwa ili iendane nao. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, mtaalamu wa afya anaweza kuamua. Bunge letu nalo liseme. Likatae au likubali, lakini liseme, maana kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba jibu lake limo katika kesi ya London ya mwaka 1938 ni kumdhihaki.

La tatu ni umaskini, aibu na kukimbiwa na mwanamume. Hapa mimi sioni kwamba mimba ndiyo yenye kosa, wala siungi mkono kwamba itolewe. Lakini sioni pia haki ya kumpeleka binti jela miaka saba, wakati aliyempa mimba yuko kijiweni anakunywa kahawa, mzazi aliyemfukuza nyumbani anaheshimiwa mtaani, na sisi tuliomnyima elimu ya uzazi kwa kuona haya tunajiita wenye maadili. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeficha maneno, na wanaozikwa ni mabinti zetu.